Je, serikali ina haki ya kumnyonga aliyeua?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Kaka yetu mkubwa alikuwa anaendesha bodaboda. Usiku mmoja abiria alimkodi, akamkata panga njiani na kuondoka na pikipiki. Mtu huyo alikamatwa, Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa hadi kufa, na rufaa yake ikatupwa. Miaka inapita, yeye yuko gerezani anakula na kulala. Mama kila akisikia habari za mahakama redioni ananiuliza, "Wameshamnyonga?" Nijibu bila kuzunguka. Serikali ina haki ya kumuua mtu aliyeua? Kama inayo, mbona haimnyongi? Kama haina, mbona jaji alitutamkia vile? – Msomaji, Singida

JIBU: Dada yangu, pole sana. Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie swali lake nimelisoma.

Umetaka nisizunguke. Sheria ya Tanzania inairuhusu serikali kumnyonga mtu huyo. Mimi niliyeanza kazi upande wa mashtaka, kisha nikahamia utetezi, nasema isimnyonge, wala isimnyonge mtu mwingine yeyote. Ila kuna jambo ambalo nakubaliana nawe kabisa: kuwatamkia wafiwa kifo halafu kuwaacha gizani miaka na miaka ni kuwaonea.

Nianze na la mama. Jaji akishatamka adhabu ya kifo, kazi yake imekwisha. Mahakama hainyongi mtu. Rufaa ikishatupwa, suala linakwenda kwa Rais, na hakuna kinachofanyika mpaka atie saini hati ya kunyonga. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kubadili adhabu. Asiposaini, mfungwa anabaki pale alipo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini kwetu. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba anaogopa kutia saini hati hizo na hataki apelekewe. Huyo ni Rais ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole kwa wahalifu. Desemba 9 mwaka huo huo, siku ya Uhuru, akawasamehe makumi ya wafungwa waliokuwa wanasubiri kitanzi. Kenya nako ni hivyo hivyo: wa mwisho kunyongwa walikuwa Hezekiah Ochuka na mwenzake, kwa jaribio la mapinduzi la 1982, na walinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 kwa mkupuo kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wengine 2,747.

Kwa hiyo mjibu mama kwamba hajanyongwa, na kwa jinsi mambo yalivyo sioni dalili kwamba atanyongwa. Najua jibu hilo ni chungu. Alistahili kuambiwa ukweli huo siku ile ile ya hukumu.

Sasa, mbona jaji alitamka vile? Hakuwa na neno jingine la kutamka. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Hakisemi "anaweza kuhukumiwa". Wanaoepushwa ni aliyekuwa chini ya miaka 18 na mwanamke mjamzito. Wengine wote, jaji atake asitake, ni kunyongwa.

Sijui kama ulikuwepo mahakamani siku ile. Mimi nimekaa kwenye viti vile vya mbele mara nyingi, na kila mara mambo yanakwenda vile vile. Jaji anasoma hukumu saa nzima, pengine mbili, huku mshtakiwa amesimama kizimbani na askari magereza nyuma yake. Akishamtia hatiani, anamuuliza wakili wa serikali kama mshtakiwa ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. "Hatuna, Mheshimiwa." Kisha utetezi unapewa nafasi ya kuomba nafuu. Kwenye kesi ya wizi, hapo ndipo wakili anapojitutumua: ni kosa la kwanza, ana wazazi wazee, amejuta, amekaa mahabusu muda mrefu. Kwenye kesi ya mauaji wakili anasimama, anasema, "Mheshimiwa Jaji, adhabu kisheria ni moja, sina la kuongeza," anakaa. Jaji anatamka sentensi moja. Dakika mbili haziishi.

Ndani ya dakika hizo mbili kuna watu wengi wanaofungiwa mdomo. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi akaja akamuua usiku mmoja, akikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, anapata adhabu ile ile ya aliyemuua kaka yako kwa ajili ya pikipiki. Kijana aliyejazwa maneno na waganga akaua kikongwe kwa tuhuma za uchawi, naye ni hiyo hiyo. Na ninyi wafiwa mnafungiwa mdomo vile vile. Hakuna anayewauliza kaka yenu alikuwa nani, ameacha watoto wangapi, mama anaishije sasa. Jibu lenu lisingebadilisha kitu, kwa hiyo swali haliulizwi. Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kuamua mwaka 2017, katika shauri la Francis Muruatetu, kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, majaji walianza kusikiliza pande zote mbili kabla ya kupanga adhabu, na familia za waliouawa zikapata nafasi ya kusema mahakamani jinsi msiba ulivyowaacha. Nchi yenye sheria kali zaidi kwa muuaji si lazima ndiyo inayomsikiliza mfiwa.

Wazee wa Iringa wanakumbuka kesi ya Said Mwamwindi. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, mkulima huyo alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, baada ya mabishano shambani kwake, kisha mwenyewe akaupeleka mwili polisi. Hapakuwa na utata juu ya nani aliyefyatua. Mawakili wake walijaribu kuonyesha kwamba alighadhabishwa na kwamba akili yake haikuwa sawa. Mahakama ikakataa, na hoja hizo zilipoanguka, kila kitu kingine kuhusu mtu yule kikaanguka nazo: kwamba alikuwa kwenye shamba lake, kwamba wakati ule ardhi za watu zilikuwa zinaingizwa kwenye vijiji vya ujamaa, kwamba hakutoroka. Alinyongwa. Sisemi alistahili kuachiwa. Aliua mtu, na Dk. Klerruu naye alikuwa na familia. Ninachosema ni kwamba jaji mwenye uwezo wa kupima angeweza kufikia kifungo kirefu na haki ikaonekana imetendeka. Jaji yule hakuachiwa mizani yoyote.

Unauliza kama serikali ina *haki*. Swali hilo limewahi kufika mahakamani kwetu, na naomba ulijue kwa sababu wengi hawalijui. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika shauri la Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Ibara ya 13(6)(e) inasema "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Alitazama jinsi kunyonga kunavyofanyika na jinsi kunavyoweza kwenda kombo, akatazama mtu anavyokaa miaka akisikiliza kila hatua ya kiatu mlangoni, akasema huo ni unyama. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Lakini isome vizuri: majaji wa rufani walikubaliana naye kwamba kifo kama adhabu ni cha kikatili na kinamdhalilisha mtu. Walichosema ni kwamba Katiba, kupitia ibara ya 30(2), inaruhusu haki kubanwa kwa manufaa ya jamii, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama bado inaihitaji adhabu hiyo. Kwa maneno mengine, mahakama yetu ya juu kabisa imeshakiri kuwa ni ukatili, kisha ikaturudishia sisi tuamue kama tunauhitaji. Mpaka sasa hatujaamua.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Iliipa serikali mwaka mmoja iondoe ulazima huo. Mwaka ukaisha, kifungu kikabaki. Mwezi ule ule serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu raia kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mimi nasema waziwazi kwamba uamuzi huo ulinisikitisha.

Lakini hata Katiba isingesema chochote, bado ningekataa kitanzi, kwa sababu nimeona kesi za mauaji zinavyojengwa. Mauaji mengi ni ya usiku. Shahidi ni mtu aliyeamshwa usingizini, kuna mwanga wa kibatari, tochi au mbalamwezi, kuna kelele na damu, na baadaye anasema, "Nilimtambua, ni fulani." Katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote na wa kutiliwa shaka, ikataka kila jaji aulize: shahidi alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, alikuwa akimfahamu kabla? Mawakili wa jinai tunayajua maswali hayo kwa moyo. Ukiacha macho ya shahidi, kinachobaki mara nyingi ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mshtakiwa mwenyewe yaliyoandikwa na polisi kituoni, ambayo mshtakiwa akifika mahakamani anasema alipigwa ndipo akasaini. Mshtakiwa mwenyewe amekaa mahabusu miaka bila dhamana huku akiambiwa "upelelezi haujakamilika". Wakili wake, kama hana pesa, ni wa kupangiwa na mahakama kwa malipo madogo, na wengine wanakutana na mteja wao siku chache kabla ya kesi kusikilizwa. Ndiyo maana si ajabu Mahakama ya Rufani kumwachia huru mtu aliyekwisha kuhukumiwa kunyongwa. Mtu akiwa hai, unaweza kumfungulia mlango.

Uingereza, iliyotuletea sheria hii wakati wa ukoloni, ilijifunza kwa kuua wasio na hatia. Mmoja wao alitoka jirani na kwetu. Mahmood Mattan alikuwa baharia Msomali aliyehamia Cardiff, akaoa huko na kupata watoto watatu. Mwaka 1952 mwanamke mwenye duka aliuawa kwa kukatwa koo, na Mattan akashtakiwa. Shahidi mkubwa alidai kumwona karibu na duka. Wakili wa Mattan mwenyewe, akimtetea, aliwaambia wazee wa baraza kwamba mteja wake ni mtu aliyestaarabika nusu. Alinyongwa Septemba mwaka huo huo, ndani ya miezi sita tu tangu mauaji yatokee. Baadaye yule shahidi mkubwa alifungwa kwa kujaribu kumuua binti yake kwa kumkata koo. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Uingereza ikaifuta hatia ya Mattan. Mjane wake alihangaika miaka zaidi ya arobaini kulisafisha jina la mtu aliye kaburini. Waingereza walisimamisha adhabu ya kifo kwa mauaji mwaka 1965, wakaifuta kabisa kwa kosa hilo mwaka 1969, na sisi tumebaki na sheria waliyotuachia.

Utaniambia: kwa aliyemuua kaka yangu hapakuwa na makosa, alikutwa na pikipiki. Inawezekana kabisa. Lakini sheria haina kifungu cha "tuna hakika" na kingine cha "tuna hakika zaidi". Kila aliyehukumiwa kunyongwa, jaji aliyemhukumu aliridhika pasipo kuacha shaka. Ukiruhusu kitanzi kwa mmoja ambaye hatia yake ni wazi, umekiruhusu kwa wote.

Wapo wanaosema kitanzi kinatisha wahalifu. Kama kingekuwa kinatisha, tungeliona hilo kwenye mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, na habari hiyo ilienea nchi nzima na duniani. Hukumu nyingine za kifo zikafuata Kanda ya Ziwa. Mauaji hayakukoma kwa sababu ya hukumu hizo, na mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa tena. Anayewatuma wauaji wale hafikirii adhabu iliyoandikwa kitabuni. Anafikiria kama atakamatwa, na mara nyingi anayekamatwa ni aliyetumwa. Kaka yako vilevile: yule abiria aliamini usiku na barabara tupu vitamficha. Kituo cha polisi chenye gari, mafuta na wapelelezi waliofundishwa kingemtia hofu kuliko chumba cha kunyongea cha gereza la Isanga.

Ninayoiheshimu ni hoja nyingine, ile iliyomo ndani ya barua yako: kwamba wapo waliotenda ubaya mkubwa kiasi kwamba kuendelea kwao kuishi ni dharau kwa waliokufa. Hoja hiyo sitaidharau mbele ya mama aliyemzika mwanawe. Naomba tu tuitazame pale ilipopata mtihani mkubwa kuliko wote, na mtihani huo ulifanyika Arusha. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, Umoja wa Mataifa uliweka pale mahakama ya kuwahukumu waliopanga. Adhabu ya juu kabisa iliyoruhusiwa ilikuwa kifungo cha maisha. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati watu wanachinjwa, alikiri makosa mwaka 1998 na akapewa kifungo cha maisha. Rwanda yenyewe ilianza na njia nyingine: Aprili 1998 iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji hayo. Kisha mwaka 2007 ikafuta adhabu ya kifo kabisa, kwa kuwa Arusha na nchi za Ulaya zisingewapeleka watuhumiwa kwenye nchi inayonyonga, nayo ilitaka zaidi kuwaona wakishtakiwa mbele ya watu wake. Burundi ikafuata mwaka 2009. Kama kifungo cha maisha kimetosha kwa mtu aliyeongoza serikali iliyoua mamia ya maelfu, sioni ni kwa muuaji gani kitakuwa kidogo.

Na dini? Najua mtaulizana nyumbani. Mwanzo 9 inasema "Amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu", na sura chache nyuma Mungu anamwekea Kaini alama asiuawe. Kurani inaruhusu kisasi, na katika aya hiyo hiyo ya Al-Baqara 178 inawapa jamaa wa marehemu nafasi ya kusamehe na kupokea fidia. Sheria ya kunyonga tuliyo nayo haikutoka kwenye kimojawapo. Ndani yake mfiwa hawezi kudai, hawezi kusamehe, hapati diya. Anayetaka kuitetea kwa dini atazame kwanza kama inafanana na dini yake.

Lipo la mwisho linalonitia wasiwasi. Wengi husema, "Si hawanyongi, kuna shida gani sheria ikibaki?" Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikaa bila kutekeleza adhabu hiyo tangu 2003, na Machi 2024 serikali yao ikatangaza kwamba inarudi. Sheria ikiwa hai, saini ya mtu mmoja inatosha. Na watu walio gerezani wanaishi kila siku chini ya saini hiyo. Uganda waliliona hili: katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Januari 2009, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo, ikaamuru pia kwamba anayesubiri zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake iwe kifungo cha maisha. Hiyo ni hatua ambayo hata anayetaka kitanzi anaweza kuikubali, maana inamaliza kusubiri kwa pande zote mbili.

Ninachotaka mimi ni Bunge lifute kifo na kuweka kifungo cha maisha kama adhabu ya juu, jaji aachiwe kupima, familia ya marehemu isikilizwe kabla ya adhabu, na mahakama iamue fidia pale aliyetiwa hatiani anapokuwa na mali. Kifungo cha maisha kwetu si mchezo. Maana yake ni kuzeekea na kufia gerezani, isipokuwa Rais asamehe.

Kwa upande wako, nenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iliyo karibu nawe ukiwa na namba ya kesi ya Mahakama Kuu na namba ya rufaa. Uliza mambo mawili: kama mfungwa ameomba mapitio ya hukumu, na kama adhabu yake imebadilishwa kwa msamaha wowote wa Rais, maana misamaha hiyo hutangazwa kwa jumla na familia zinaweza kuachwa bila taarifa. Kama pikipiki ya marehemu ilitumika kama kielelezo na haijarudishwa, omba pia utaratibu wa kuichukua. Ni mali ya warithi wake. Nenda na barua ya usimamizi wa mirathi, na kama hamjafungua mirathi, anzeni na hilo Mahakama ya Mwanzo.